Mkanda wa Taimingi: Kwa Nini Hukatika, na Namna ya Kuubadili pamoja na Sili Zake

Gari dogo la miaka ya 1990 linapanda mlima kwa gia ya tatu. Injini inanguruma sawasawa, kipimo cha joto kiko katikati, taa ya oili haijawaka. Ghafla injini inanyamaza. Dereva anajaribu kuiwasha tena: stata inazunguka kwa haraka kuliko kawaida na kwa sauti nyepesi, kana kwamba ndani hakuna kinachoizuia, lakini injini haishiki. Petroli ipo na betri ni nzima. Kilichotokea ni kwamba ukanda wa mpira wenye upana wa vidole viwili hivi umekatika, na sehemu ya juu ya injini haizunguki tena pamoja na sehemu ya chini.

Kwa injini fulani mkasa huo huishia hapo: mwenye gari hununua mkanda mpya, huufunga, na safari huendelea. Kwa injini nyingine mkanda unapokatika vali hupinda, pistoni hupasuka, na gharama ya matengenezo huweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Makala haya yanaeleza sababu ya tofauti hiyo, kisha yanaonyesha jinsi kazi ya kubadili mkanda na sili za oili zilizo karibu nao inavyoweza kufanywa uani nyumbani na mtu mwenye spana za kutosha, subira, na hesabu za shule ya sekondari. Mfano utakaofuatwa ni injini ya petroli ya Toyota iitwayo 4A-FE, yenye silinda 4 na vali 16, ambayo imo katika magari mengi ya Corolla yaliyoletwa Afrika Mashariki.

Inafaa kusema mapema kwamba si kila gari lina mkanda wa namna hii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota ilianza kutumia minyororo ya chuma katika injini zake ndogo, kama vile 1ZZ na 1NZ. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwenye gari hana budi kusoma jina la injini yake.

UWIANO WA MBILI KWA MOJA

Injini ya hatua nne huvuta hewa na petroli, hugandamiza mchanganyiko huo, huuchoma, kisha hutoa moshi. Hatua hizo nne humchukua pistoni safari mbili za kushuka na mbili za kupanda. Hiyo ni sawa na mizunguko 2 kamili ya shafti kuu ya chini, yaani krankishafti. Lakini katika muda huo huo kila vali hupaswa kufunguka mara moja tu. Vali hufunguliwa na shafti ya juu, yaani kamshafti, yenye vinundu vinavyozisukuma. Basi ni lazima kamshafti izunguke mara 1 wakati krankishafti inazunguka mara 2.

Uwiano huo hupatikana kwa kuhesabu meno. Tuseme gurudumu la meno lililo kwenye krankishafti lina meno 24. Lile la kamshafti litakuwa na meno 48. Idadi hii imechaguliwa hapa kwa urahisi wa hesabu, nayo hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine. Uwiano wenyewe haubadiliki. Mkanda wenye meno kwa upande wa ndani huyashika magurudumu hayo mawili, na kwa kuwa una meno hauwezi kuteleza kama ufanyavyo mkanda wa feni. Katika 4A-FE mkanda huzungusha kamshafti moja, nayo huzungusha ya pili kwa gia zilizomo ndani ya kichwa cha injini.

Uwiano peke yake hautoshi. Saa mbili zinaweza kwenda kwa kasi ileile na bado moja ikawa nyuma ya nyingine kwa dakika kumi. Vivyo hivyo kamshafti yaweza kuzunguka kwa nusu ya kasi ya krankishafti, kama inavyotakiwa, na bado ikachelewa. Jino moja la gurudumu lenye meno 24 ni sawa na digrii 360 ÷ 24, yaani digrii 15 za krankishafti. Mkanda ukifungwa huku umekosewa jino moja, kila vali ya injini hiyo itafunguka na kufunga digrii 15 kabla au baada ya wakati wake. Injini itawaka, lakini itakuwa nzito, itakula petroli, na haitatulia inapokuwa bila mzigo. Makosa ya meno mawili au matatu huifanya isiwake kabisa, au, katika injini za aina itakayoelezwa hivi punde, huiharibu.

Mikanda yenye meno haikubuniwa kwa ajili ya magari. Katika miaka ya 1940 ilitumika nchini Marekani katika cherehani, ambamo sindano na kishika uzi cha chini hupaswa kukutana kwa wakati mmoja kila mshono. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa aina hii kwenye kamshafti lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Kabla ya hapo ilitumika minyororo au gia tupu. Mkanda ni mwepesi, hauna kelele, na hauhitaji oili. Na hilo la mwisho ndilo lenye maana kubwa kwa somo hili, kwa sababu kitu kisichohitaji oili mara nyingi huwa hakiwezi kuivumilia.

NAFASI ILIYOPO KATI YA PISTONI NA VALI

Kwa nini injini moja huokoka na nyingine huangamia? Jibu la kwanza hupatikana kwa hesabu ya ujazo.

Silinda ya 4A-FE ina kipenyo cha milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77. Eneo la duara la silinda ni π × 4.05 × 4.05, yaani sentimita za mraba 51.5, na ujazo unaofagiwa na pistoni ni 51.5 × 7.7, karibu sentimita za ujazo 397. Mgandamizo wa injini hiyo ni 9.5 kwa 1. Maana yake ni kwamba nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni 397 ÷ 8.5, karibu sentimita za ujazo 47. Kama nafasi hiyo ingetandazwa sawasawa juu ya pistoni, kimo chake kingekuwa 47 ÷ 51.5, yaani milimita 9.

Sasa na ichukuliwe injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za hospitali, mbuga za wanyama na idara za serikali, ambayo nayo kamshafti yake huzungushwa kwa mkanda. Kipenyo cha silinda ni milimita 94 na mwendo wa pistoni ni milimita 100. Ujazo unaofagiwa ni karibu sentimita za ujazo 694. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa hugandamizwa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuiwasha dizeli, na mgandamizo wa injini hii ni kama 22 kwa 1. Basi nafasi inayobaki ni 694 ÷ 21, yaani sentimita za ujazo 33 tu, na kimo chake kikitandazwa ni chini ya milimita 5. Tena sehemu kubwa ya nafasi hiyo imejificha katika chumba kidogo cha pembeni ambamo dizeli hupulizwa. Kati ya uso wa pistoni na kichwa cha injini hubaki ufa mwembamba.

Vali ikifunguka kabisa hujitokeza ndani ya silinda kwa milimita kadhaa, mara nyingi 7 hadi 10. Katika 1HZ vali iliyobaki wazi haina pa kukimbilia pistoni inapopanda. Katika 4A-FE, ambayo paa la chumba chake cha moto limeinuka katikati kama paa la nyumba, vali huning'inia ndani ya nafasi hiyo na pistoni hupita bila kuigusa. Ndiyo maana dereva wa Corolla aliyetajwa mwanzoni atalipa bei ya mkanda tu, na mwenye Land Cruiser aliyepuuza taa ya mkanda kwenye dashibodi atalipa zaidi sana. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila injini ya petroli ina huruma hiyo. Nyingi hazina, na hata injini zenye majina yanayofanana na 4A-FE hutofautiana.

OILI NI ADUI WA MKANDA

Mwili wa mkanda ni mpira wa kutengenezwa viwandani. Ndani yake zimelazwa nyuzi za kioo zinazouzuia usirefuke, na meno yake yamevikwa kitambaa cha nailoni kinachopunguza kulika. Nyuzi za kioo zina nguvu nyingi zikivutwa, lakini huvunjika zikikunjwa kwa kona kali. Kwa sababu hiyo mkanda mpya haupaswi kamwe kukunjwa, kupinduliwa ndani nje, wala kuning'inizwa kwenye msumari mwembamba dukani.

Kazi ya mkanda ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa huku injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kilomita 100,000 huchukua saa 1,250, na katika muda huo krankishafti huzunguka mara milioni 225. Ikiwa mkanda una meno 113, nao husogea meno 24 kwa kila mzunguko wa krankishafti, basi utakuwa umeizunguka njia yake karibu mara milioni 48, ukikunjwa kwenye kila gurudumu na kunyooshwa tena.

Ukiwa mkavu na safi, mkanda huvumilia hayo. Oili ikiuingia, mpira huvimba na kulainika, na mshikamano kati ya mpira na nyuzi hulegea. Meno huanza kung'oka, mara nyingi mahali mkanda unapozunguka gurudumu dogo la krankishafti, kwa kuwa hapo meno machache ndiyo yanayobeba mzigo wote. Mikanda mingi isemwayo kuwa "imekatika" haikukatika hata kidogo: imebaki nzima kama pete, lakini meno yake kadhaa yamenyolewa.

Oili hiyo hutoka wapi? Krankishafti na kamshafti huogelea katika oili ndani ya injini, nazo hutokeza nje ili kubeba magurudumu ya meno. Mahali zinapotokea pamezibwa kwa pete ya mpira iitwayo oili sili. Sili ina mdomo mwembamba ulioinamia upande wa oili, na nyuma ya mdomo huo springi ndogo ya mviringo inayoubana kwenye shafti. Mdomo haukwaruzi chuma kikavu. Hupita juu ya utando wa oili mwembamba mno. Kwa shafti yenye kipenyo cha milimita 35 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, chuma hupita chini ya mdomo huo kwa kasi ya mita 5.5 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia. Baada ya miaka mingi ya joto mpira huwa mgumu kama kucha, springi haiwezi tena kuukunja ufuate shafti, na oili huanza kulia tone kwa tone juu ya mkanda.

Kubadili mkanda na kuacha sili za zamani, basi, ni sawa na kupaka ukuta chokaa huku paa linavuja. Sili ni rahisi kuliko mkanda, na kazi ya kuzifikia ndiyo ileile. Lakini kuna sababu nyingine ya kuvuja ambayo husahauliwa hata na mafundi wa siku nyingi. Gesi kidogo ya moto hupenya kando ya pistoni na kuingia chini, kwenye sampu ya oili. Injini ina njia ya kuirudisha gesi hiyo kwenye mkondo wa hewa inayovutwa, kupitia vali ndogo na bomba la mpira juu ya kifuniko cha vali. Njia hiyo ikizibwa na masizi, shinikizo hupanda ndani ya injini na kuisukuma oili itoke kwenye sili, hata kama ni mpya kutoka kiwandani. Sili mpya inayovuja baada ya wiki mbili mara nyingi haina kosa. Kosa liko katika bomba lililoziba, ambalo lingesafishwa kwa dakika kumi.

LINI UBADILISHWE

Watengenezaji huweka kikomo cha kilomita na kikomo cha miaka, na kinachofika kwanza ndicho kinachofuatwa. Kwa magari mengi ya miaka ya 1990 kikomo ni karibu kilomita 100,000. Tatizo la Afrika Mashariki ni magari yaliyonunuliwa yakiwa yametumika, ambayo kipimo chake cha kilomita hakiaminiki. Kwa yale yaliyotoka Japani, inafaa kutafuta karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya chumba cha injini, kwa kuwa karakana za huko huandika siku mkanda ulipobadilishwa na kilomita zake. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi za Kijapani: katika enzi ya Heisei, iliyoanza 1989, mwaka wa 17 ni 1988 + 17, yaani 2005. Karatasi isipoonekana, mkanda uhesabiwe kuwa wa zamani na ubadilishwe.

KAZI YENYEWE

Gari huwekwa mahali tambarare pagumu, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe, na waya hasi wa betri hufunguliwa. Upande wa mbele huinuliwa kwa jeki, kisha huketishwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari, na matofali yaliyopangwa hayafai hata kidogo.

Gurudumu la upande wa mkanda huondolewa, pamoja na mikanda ya nje ya alternata na vifaa vingine, kifuniko cha vali, na plagi zote nne. Plagi zikitoka, injini haigandamizi hewa tena na huweza kuzungushwa kwa mkono, jambo litakalohitajika mara nyingi. Katika magari ambayo injini imelala kwa upana, mguu mmoja wa injini huzuia njia ya mkanda. Hapo jeki huwekwa chini ya sampu, ikitanguliwa na kipande cha ubao, ili ibebe uzito mguu huo unapofunguliwa.

Kikwazo cha kwanza ni bolti kubwa ya puli ya krankishafti. Tuseme ilikazwa kwa momenti ya nyutoni-mita 120. Kwa spana yenye urefu wa mita 0.4, kani inayohitajika ni 120 ÷ 0.4, yaani nyutoni 300, sawa na uzito wa kilo 30 ukining'inizwa mwishoni mwa spana. Bolti iliyokaa miaka kumi na tano katika joto na kutu huhitaji zaidi, pengine mara mbili. Dawa si kuongeza nguvu bali kuongeza urefu: bomba la chuma la mita 1 likivikwa kwenye mpini, kani hiyohiyo ya nyutoni 300 hutoa nyutoni-mita 300. Krankishafti huzuiwa isizunguke kwa kuweka gia ya tano na kumwomba mtu akanyage breki, au, kwa gari la otomatiki, kwa chuma kinachofungwa kwenye matundu ya puli. Mkanda wa taimingi wenyewe usitumiwe kamwe kuizuia shafti. Wapo wanaoegemeza spana kwenye fremu na kupiga stata ili bolti ilegee. Njia hiyo imewavunja watu mikono, na haina nafasi katika karakana ya shule wala uani.

Bolti ikishalegea, injini huzungushwa kwa mwelekeo wake wa kawaida, ambao kwa injini nyingi ni wa mwendo wa saa ukitazamwa kutoka upande wa puli. (Baadhi ya injini za zamani za Honda huzunguka kinyume.) Huzungushwa mpaka alama ya puli ielekee kwenye sifuri. Hapo ndipo wengi hukosea. Krankishafti hufika kwenye alama hiyo mara mbili katika kila duru ya hatua nne: mara moja pistoni ya kwanza ikiwa imemaliza kugandamiza, na mara moja ikiwa imemaliza kutoa moshi. Alama ya chini haiwezi kutofautisha hali hizo mbili. Anayeweza ni kamshafti, kwa kuwa yenyewe huzunguka mara moja tu. Alama yake ikielekea mahali pake, kazi iendelee. Ikiwa upande wa pili, krankishafti izungushwe mara moja zaidi.

Baada ya kutoa puli na vifuniko, mkanda wa zamani huonekana. Kabla ya kuutoa ni busara kuweka mistari ya rangi: mmoja pale mkanda unapoligusa jino lenye alama juu, na mwingine chini, kisha kuhesabu meno yaliyo kati ya mistari hiyo na kuandika idadi yake ukutani. Kapi la kukazia mkanda hulegezwa, husukumwa kando na kubanwa hapo kwa muda, na mkanda hutolewa. Kamshafti huweza kuruka digrii chache kwa msukumo wa springi za vali. Hilo si la kutisha, nayo hurudishwa taratibu kwa spana. Katika injini ambazo vali hugusana na pistoni, krankishafti hurudishwa kwanza robo ya mzunguko, ili pistoni zote nne zikae katikati ya silinda zao na vali zipate nafasi.

Sasa zamu ya sili. Magurudumu ya meno huondolewa. La kamshafti hufunguliwa huku shafti yenyewe ikishikwa kwa spana kwenye sehemu yake yenye pembe sita. Mdomo wa sili hukatwa kwa kisu chembamba, kisha sili hung'olewa kwa bisibisi iliyofungwa utepe kwenye ncha. Utepe huo si urembo. Mkwaruzo mmoja juu ya shafti, hata usioonekana vizuri kwa macho, huwa mfereji wa oili ambao hakuna sili itakayouziba. Shafti hupanguswa na kupapaswa kwa ukucha. Ukucha ukihisi mfuo uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya yaweza kuingizwa milimita moja ndani au nje ya pale ilipokuwa ya kwanza, ikiwa nafasi inaruhusu, ili mdomo wake ukae juu ya chuma laini.

Mdomo wa sili mpya hupakwa grisi au oili safi, kwa sababu ukiwaka mkavu sekunde za kwanza huungua. Upande wenye springi huelekea ndani, kwenye oili. Sili huingizwa kwa kugongwa polepole kupitia kipande cha bomba au soketi yenye kipenyo kinacholingana na ukingo wake wa nje, mpaka iwe sawasawa na uso wa nyumba yake. Ikiingia kwa kuinama, itavuja.

Kapi la kukazia lizungushwe kwa vidole karibu na sikio. Likikwaruza au likiyumba, libadilishwe. Pampu ya maji ya 4A-FE huzungushwa na mkanda wa nje, lakini katika injini nyingi huzungushwa na mkanda wa taimingi. Huko ni vema ibadilishwe pamoja, kwani beringi yake ikishika hukata mkanda mpya.

Mkanda mpya huvikwa kuanzia chini, upande usio na kapi ukiwa umevutwa bila kulegea, na idadi ya meno iliyoandikwa ukutani huhakikishwa. Kapi huachiliwa ili springi yake ikaze mkanda.

KUHESABU KABLA YA KUWASHA

Ufunguo wa gari bado usiguswe. Krankishafti huzungushwa kwa mkono mizunguko 2 kamili, polepole. Mkono ukihisi kitu kigumu kikizuia, usisukume: huenda pistoni imekutana na vali, na spana ya mkononi haijaharibu kitu bado, ilhali stata ingekwisha kuharibu. Baada ya mizunguko 2 alama za magurudumu yote mawili hazina budi kurudi mahali pake. Kisha boliti ya kapi hukazwa, na ulegevu wa mkanda hupimwa: katika injini za aina hii mkanda hubonyea kama milimita 5 au 6 ukisukumwa kwa kani ya nyutoni 20.

Hapa wageni wa kazi hii hupatwa na hofu. Wanatazama mistari ya rangi waliyoichora juu ya mkanda, na mistari hiyo haiko karibu na alama zozote. Wengine hufungua kila kitu na kuanza upya. Hakuna kosa lililotokea. Katika mizunguko 2 mkanda umesogea meno 48, lakini una meno 113, basi haujamaliza hata nusu ya njia yake. Alama za magurudumu hukutana kila baada ya meno 48, na mkanda hurudi nyumbani kila baada ya meno 113. Vyote vitakutana tena kwenye kigawe kidogo cha shirika cha 48 na 113, ambacho ni 5,424. Hiyo ni mizunguko 226 ya krankishafti. Kama mkanda ungekuwa na meno 120, kigawe kingekuwa 240, na mizunguko 10 ingetosha. Mistari ya rangi ni msaada wa kuvika mkanda tu. Ukishazunguka, hukumu ni ya alama za magurudumu peke yake.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa baiskeli iliyopinduliwa. Tuseme gurudumu la pedali lina meno 48, gia ya nyuma meno 18, na mnyororo una pingili 112. Chaki ikitiwa kwenye jino moja la kila gia na kwenye pingili moja ya mnyororo, zote zikiwa juu, wanafunzi watahesabu: gia mbili hukutana tena baada ya mizunguko 3 ya pedali, lakini chaki zote tatu hukutana baada ya mizunguko 21. Darasa likiikokotoa kabla ya kuzungusha pedali, jibu halitasahaulika.

Alama zikikubaliana, vifuniko hurudishwa, puli hukazwa kwa momenti iliyotajwa katika kitabu cha gari, plagi na mikanda ya nje hufungwa, na mguu wa injini hurudishwa kabla jeki haijaondolewa. Injini huwashwa na kuachwa iunguruме bila mzigo. Mlio mwembamba wa kupanda na kushuka pamoja na kasi ya injini huonyesha kwamba mkanda umekazwa mno. Mpigo wa kugonga kwenye kifuniko huonyesha kwamba umelegea. Baada ya kilomita 500 hivi kifuniko cha chini huchunguliwa kwa tochi. Pakiwa pakavu, sili zimeshika. Pakiwa na unyevu wa oili, bomba la gesi juu ya kifuniko cha vali litazamwe kwanza kabla ya kulaumu sili. Kisha tarehe, mwaka kamili kwa tarakimu nne, na kilomita zilizosomwa siku hiyo huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya chumba cha injini, mahali ambapo mnunuzi wa pili ataiona.